Seti ya vifaa vya kyorugi, yaani kupigana wawili wawili, kwa anayeanza taekwondo: nunua, ila vitu viwili tafuta pembeni

Hii seti naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki imeondoka na kinga za juu ya mguu, pale juu ya wayo, nitafika huko. Ndani ya begi kuna hogu, ile kinga ya kifua na tumbo, ni ya kugeuza, upande mmoja bluu mwingine nyekundu, kuna kofia ya sponji, kinga za mikono, kinga za ugoko, kinga ya kinena, glavu na hizo kinga za mguu. Kinga ya meno haimo. Ni vifaa vya kawaida vya mazoezi, havina sensa wala betri, kwa hiyo kama unatafuta ile mitambo ya mashindano ya akina Daedo na KP&P ambayo soksi na hogu zinatoa pointi zenyewe, hii siyo, na kwa anayeanza wala huihitaji. Nimeivaa tangu nilipoanza kyorugi nikiwa na mkanda wa njano na bado naivaa na mkanda wa kijani, imekula mateke ya kila aina, kwa hiyo nina cha kusema.

Watu wengi wakipima vifaa vya kupigania wanauliza kitu kimoja tu, je inazuia maumivu? Swali zuri, ila kwa mwanafunzi mpya mimi naona kuna lingine linatangulia: ukishavaa, macho yako yanabaki wazi? Maana anayeanza kyorugi mateke anayajua, ameyapiga kwenye pedi mpaka yametulia, poomsae, ile mifululizo ya mateke na ngumi iliyopangwa, anacheza vizuri tu, alafu refa anasema shijak, yaani anza, mtu anamjia, na kila kitu kinapotea. Macho yanafumba, uso unageukia pembeni, mabega yanapanda, pumzi inakatika, miguu inarudi nyuma moja kwa moja mpaka uwanja unaisha. Mwili unafanya hivo wenyewe kwa sababu umeogopa, na ukiuambia usiogope hausikii, mpaka ujionee kwamba umepigwa na uko mzima. Hapo ndo kifaa kinapofanya kazi. Kinachokaa vizuri kinakuruhusu upigwe huku unaangalia, na anayeangalia ndo anajifunza. Kila kitu humu nimekipima hivo.

Nianze na hogu maana ndo roho ya seti. Sponji yake ni nene na ngumu kiasi, ikiwa mpya inakuwa kama imekauka hivi, haikunji, ukiivaa mikono inakaa mbali na mwili, usiogope, ikishapigwa na kutoa jasho inalainika na kufuata mbavu zako. Inafungwa kwa kamba mgongoni, huwezi kujifunga mwenyewe, lazima mwenzio akufunge na wewe umfunge, na mimi hiyo naipenda kabisa. Unamfunga mtu kamba vizuri, unavuta pande zote zilingane, unahakikisha haimbani kupumua, alafu dakika moja baadaye mnapigana. Inabadilisha jinsi unavyompiga. Kuna hogu za velkro siku hizi ambazo mtu anajivalia mwenyewe, ni rahisi zaidi, sawa, ila zile velkro zikianza kuchoka hogu inafunguka katikati ya raundi, kamba haina hiyo tabia.

Saizi sasa, hapa tafadhali soma taratibu. Watu wanachukua hogu kubwa wakidhani wanajiongezea usalama. Hogu ikiwa kubwa ukingo wake wa chini unakaa juu ya mapaja, na dollyo chagi, lile la kuzungusha mguu kutoka pembeni, ambalo ndo teke utakalopiga kuliko yote, linaanza na goti kupanda mbele kabla nyonga haijageuka. Goti likigonga ukingo wa hogu halipandi, mguu unatafuta njia nyingine, unazunguka kwa chini kama panga la kufyekea nyasi, na teke la namna hiyo linaishia kwenye paja la mwenzio, ambako ni kosa, au kwenye kiwiko chake, ambako ni kilio chako. Hogu ikiwa ndogo nayo inaacha mbavu za chini nje. Kwa hiyo ukishafungwa kamba simama, inua goti mpaka usawa wa kiuno, mguu mmoja alafu mwingine, kisha chuchumaa. Goti likipanda bila kuisukuma hogu na ukichuchumaa hogu haikukabi shingo, hiyo ndo yako. Namba zilizoandikwa zinatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo angalia jedwali la urefu na uzito la seti yenyewe, usichukue namba ya rafiki yako.

Sasa kuhusu kupigwa ukiwa ndani yake. Teke la kwanza safi kwenye hogu lina kelele kubwa kuliko uchungu. Unasikia PAA, ukumbi mzima umesikia, unasubiri maumivu yaje, na kinachokuja ni kama msukumo tu, umehama hatua moja na bado umesimama. Kiukweli baada ya hapo mabega yanaanza kushuka yenyewe. Niliwaona wenzangu tulioanza pamoja, kila mmoja alipopata lile teke la kwanza la sauti alibadilika, akaacha kukimbia nyuma. Kwa kipimo changu cha macho wazi, hogu hii inapata zote.

Ila ina upande wa pili na lazima niuseme. Ukishajua hogu inazuia, unaanza kusimama tu upokee mateke ili na wewe urudishe, mnatandikana hapo kifua kwa kifua kila mmoja anafurahia sauti, na hakuna anayejifunza umbali. Mwalimu wetu aliliona hilo mapema, akatuvua hogu wote, tukarudi kwenye hanbon kyorugi, ile ya hatua moja ambapo unajua kabisa mwenzio atapiga nini na wewe unajibu mara moja mnaishia hapo, kisha mchezo wa kugusana bega kwa kiganja bila teke hata moja. Miguu tu. Unaingia unatoka, unateleza pembeni, unamfanya akufikirie uko karibu kumbe uko nje ya urefu wa mguu wake. Baada ya hapo ndo tukafungwa hogu tena, na tofauti ilikuwa kubwa, mateke mengi yakawa yanapita hewani kwa sababu mtu hayupo pale alipokuwa. Ningeshauri yeyote anayenunua seti hii afanye hivo, hogu ivaliwe baada ya miguu kujua kutembea, na hata baadaye kuwe na siku za kuivua.

Kuelewa pointi kunakusaidia pia kujua sehemu gani ya vifaa itafanya kazi zaidi. Kwa sheria za shirikisho la World Taekwondo ngumi kifuani ni pointi 1, teke kwenye hogu 2, teke la kichwa 3, teke la kugeuka kwenye hogu 4, la kugeuka kichwani 5. Ukianguka au ukitoka nje ya mstari ni kosa, gam-jeom, mwenzio anapewa 1. Raundi ni 3 za dakika 2 na tangu 2022 anayeshinda raundi mbili ndo mshindi. Hizi namba zinamvuta anayeanza kwenye mateke ya kugeuka, hasa ukishatazama Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast kule Rio 2016, yuko nyuma, sekunde za mwisho kabisa, anageuka anampiga Mwingereza Lutalo Muhammad kichwani, anashinda 8-6 na nchi yake inapata dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Nikiitazama mpaka leo nywele zinasimama. Lakini lile teke limekaa juu ya miaka ya hatua ndogondogo ambazo hazionekani kwenye video, na ukilijaribu mapema unampa mgongo mtu ambaye yuko tayari. Anayeanza pointi zake ni zile mbili mbili za kifuani, kwa hiyo hogu, kinga za ugoko na kinga za mguu ndo zinazotumika muda wote.

Na hapo ndo seti inapoanguka. Kinga za ugoko zenyewe ni nzuri, zinabana, hazishuki, mkigongana goko kwa goko mnaendelea. Shida ni kile kipande cha juu ya mguu, sponji nyembamba na mpira mmoja unaopita chini ya unyayo. Ukipiga mateke kadhaa inazunguka, inaenda pembeni, ule mfupa wa juu ya mguu unabaki wazi, na dollyo chagi ya kyorugi inapigwa hasa kwa sehemu hiyohiyo. Mwenzio naye kazi yake ni kushusha kiwiko kulinda mbavu. Mfupa wa mguu ukikutana na ncha ya kiwiko mfupa wa mguu ndo unashindwa, uliza yeyote aliyekaa kwenye huu mchezo atakuonesha alipovimba. Na angalia hilo linafanya nini kwenye akili: ukishagonga kiwiko mara moja, teke linalofuata unalipiga nusu, unaliogopa, unaangalia chini kuona kiwiko kiko wapi badala ya kumwangalia mtu. Macho yameshaondoka. Nilitafuta zile za aina ya soksi zenye kujazwa sponji juu na kitanzi cha vidole, hazizunguki, na raha ya kupiga ikarudi. Hiki ni kitu cha kwanza cha kununua pembeni.

Kinga nzuri inapunguza uchungu, kiwiko kinabaki palepale, dawa yake iko kwenye mchezo. Kuna dada mmoja wa mkanda mwekundu ambaye mwalimu alinipanga naye mara kwa mara, mtulivu sana, na alinielewesha kwa njia rahisi mno. Akaniambia, "Kaka, angalia kifua changu kinaangalia wapi." Basi ni hivi. Mkisimama wote mguu wa kushoto mbele, tumbo lake limefungukia upande wa mguu wako wa mbele, kwa hiyo mguu wa mbele ndo una njia. Mkisimama tofauti, wewe kushoto mbele yeye kulia mbele, tumbo lake limefungukia mguu wako wa nyuma, piga na wa nyuma. Ukipiga kinyume unapiga mgongo na kiwiko. Alafu usipige kwanza, mtishe kwanza, inua goti kidogo au kanyaga chini kwa nguvu, mikono yake itapanda au atarudi hatua, hapo ndo unapiga. Akanipa raundi nzima ya kupiga teke moja tu kila baada ya kutisha, yeye harudishi, anasogea tu, na kila nikipiga bila kutisha anashusha kiwiko taratibu kabisa bila kunigonga kunionesha kingekuwepo. Raundi ile ilinifundisha kuliko kifaa chochote kwenye begi, na mpaka leo nikifungwa hogu jicho langu linaanza na kifua cha mtu kimeelekea wapi.

Kofia. Ni ile ya wazi usoni, sponji imezunguka kichwa na masikio, ina matundu ya kusikia na mkanda wa kidevu. Inakaa vizuri, na cha muhimu haizibi pembeni mwa macho, jambo ambalo kwenye kofia nyingine nilizoazima ukumbini lilikuwa baya, sponji ya shavuni imejaa mpaka huoni mguu unaokuja kwa kando, na mateke mengi ya kichwa yanakuja kwa kando. Vaa, funga, tikisa kichwa kama unakataa kitu kwa nguvu, kofia ikibaki nyuma uso ukienda mbele chukua ndogo zaidi. Jasho likiingia inateleza kidogo, kaza mkanda kati ya raundi. Ila naomba hili lisipite: kofia inakulinda na michubuko, kupasuka ngozi, na kichwa kugonga sakafu vibaya, ubongo kutikisika ndani haiuzuii kabisa. Kwa hiyo kwa wanaoanza mateke ya kichwa yawe ya kugusa tu au yasiwepo, na ukipigwa ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unakuumiza au husikii sawasawa, siku hiyo imeisha, unavua, unaenda kuonwa na daktari, na hurudi kupigana mpaka aseme. Mwalimu anayekuambia vumilia kidogo urudi ulingoni huyo mkimbie.

Kinga za mikono hazina tatizo, unavaa chini ya doboki, ile sare ya mazoezi, unazisahau. Glavu ni ndogo, zimefunika vifundo na mgongo wa kiganja, na watu wanashangaa glavu za nini wakati ngumi za usoni haziruhusiwi. Ni za vidole. Anayeanza akiona teke linakuja anatoa kiganja wazi kulizuia, na teke la mtu mzima likikutana na kidole kilichonyooka kidole kinaondoka. Kunja ngumi, zuia kwa kigasha. Glavu zinakukumbusha kukunja. Kinga ya kinena iko na ya wanaume na ya wanawake, hakikisha umeagiza inayokuhusu, inavaliwa chini ya doboki pia, na wanawake msiambiwe haihitajiki, inahitajika.

Kinga ya meno ndo kitu cha pili cha kununua pembeni, na sielewi kwa nini seti ya kupigania inauzwa bila hiyo. Chukua ile ya kuchovya maji ya moto ukaing'ata ikachukua umbo la meno yako, fuata maelekezo yake ya muda, usiizidishe. Iwe nyeupe au isiyo na rangi maana ndizo zinazokubalika mashindanoni, kwa hiyo hutanunua mara mbili. Ikikaa vizuri utaweza kupumua kwa mdomo na hata kupiga kihap, ule ukelele wa kupigia, bila kuitema. Wengi wanaiacha kwa sababu inawabana pumzi, kumbe wameiacha bila kuichonga.

Kabla hujaagiza chochote muulize mwalimu wako mnafuata taekwondo gani, hili watu hawaambiwi kabisa. Seti hii ni ya mfumo wa World Taekwondo, lile shirikisho lililoanzishwa Seoul 1973, ambao ndo mchezo uliingia Olimpiki kwa maonesho 1988 na rasmi Sydney 2000. Kama ukumbi wenu ni wa ITF, shirikisho jingine la taekwondo, lile la Choi Hong Hi lililoanzishwa 1966, wao kwa kawaida hawavai hogu, wanavaa glavu na viatu vya sponji, ngumi ya usoni kwao inaruhusiwa kwa kiasi, na ukienda na hogu utakuwa umebeba mzigo. Tang Soo Do, sanaa nyingine ya Kikorea ya kupigana, ile ya Hwang Kee, nayo ni hivohivo, shule nyingi zinapigana kwa kugusa, vifaa vichache. Sheria ndo inaamua vifaa, na vifaa navyo vinaamua mnapigana vipi. Ukivaa hogu unajifunza kupiga kwa nguvu kifuani na mikono inashuka, bila hogu unajifunza kusimamisha teke sentimita chache kabla na mikono inabaki juu. Vyote ni mafunzo mazuri, mimi nilishawahi kualikwa kwenye ukumbi wa kugusa tu na nikagundua ulinzi wangu wa uso ni mwepesi sana, ndo matokeo ya kufundishwa kwenye sheria ambayo ngumi haiji huko.

Kutunza ni rahisi ukiwa na nidhamu. Ukitoka mazoezini usiache vitu ndani ya begi, vitanuka mpaka hakuna atakayekubali kukufunga kamba. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, futa tena kwa maji matupu, anika kivulini penye upepo, jua kali linapasua ngozi ya hogu na kofia. Glavu na soksi fua kabisa. Velkro za kinga za ugoko zinashika nywele na nyuzi, zichomoe kwa mswaki wa zamani, zitarudi kushika kama mpya. Yangu imeshachubuka rangi upande wa bluu kwa sababu ndo rangi tunayopangwa sana, sponji iko imara bado, mishono yote ipo, kamba moja tu ilichanika ncha nikaichoma kwa moto ikaganda.

Nani anunue: mtu wa mfumo wa World Taekwondo ambaye mwalimu wake ameshamwambia uko tayari kwa kyorugi, siyo aliyeanza wiki hii. Kama huwezi kuchukua vyote kwa pamoja anza na kinga ya meno, soksi za mguu, kinga za ugoko na ya kinena, vitu vya mwilini ambavyo hutaki kuazima, hogu na kofia kumbi nyingi zinazo za kuazimana na utakuwa umepata muda wa kujua saizi yako kwa kuvaa za wengine. Kama muuzaji anakubali kukuuzia seti bila kile kipande cha juu ya mguu, mwambie akitoe.